Uzoefu wangu na about:support ya Firefox

Kwa sisi tunaoshinda tunasaidia watu matatizo ya brauza, huu ukurasa wa taarifa za ndani ya Firefox naupa nyota tano na sibadilishi. Unaandika about:support pale juu kwenye adresi, unapiga enta, kila kitu kinamwagika: toleo la Firefox, Windows gani, ekstensheni (vile viprogramu vya kuongezea brauza) zilizopo, kadi ya picha na draiva yake (programu inayoiendesha), mpaka krashi za karibuni. Juu kuna kitufe cha kukopi maandishi yote, unampestia anayekusaidia hata WhatsApp. Paswedi hazimo humo, msiogope.

Maana ninachotumiwa kila siku ni "kaka brauza haifungui", sasa haifungui nini, tovuti moja au zote, imeandika eraa gani? Mtaulizana hivyo mpaka jioni. Juzi kuna dada video zake zilikuwa zinatoa sauti tu picha nyeusi, ashaambiwa na fundi apige Windows upya, nikamwomba hiyo about:support, kucheki sehemu ya grafiksi draiva ni ya zamani mno, nikamwambia aende kwenye settings pale performance atoe tiki za hardware acceleration (ile ya brauza kutumia kadi ya picha), afunge Firefox aifungue tena, picha ikarudi na mafaili yake yakapona.

Kuna kitu ukurasa hauwezi kujua, hicho lazima uongeze mwenyewe: adresi ya tovuti, ulikuwa unafanya nini, na code ya eraa nzima kama ilivyo, sio "imeandika sijui secure nini". Ukinitumia SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER (yaani Firefox haimtambui aliyetoa cheti cha usalama cha tovuti) mara nyingi naanza na antivirasi, ila ikiwa MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE (cheti muda wake haujaanza) nakuuliza saa ya kompyuta kwanza, hizi mashine za mtumba betri ya ndani ikifa tarehe inarudi nyuma miaka na tovuti za https zinagoma. Halafu jaribu Troubleshoot Mode, yaani Firefox inafunguka ekstensheni zikiwa zimezimwa, unashikilia Shift wakati unafungua Firefox, tatizo likipotea basi kuna uwezekano mkubwa ni ekstensheni, niambie na hilo.

Chrome nayo ina chrome://version na chrome://gpu ila vitu vimetawanyika, unamzungusha mtu kurasa mbili tatu. Hata hivyo hiyo version nitumieni, ukiwa na Windows 7 Chrome yako imeishia 109, hapo sihangaiki kukuambia uapdeti, nakuhamishia Firefox 115 ESR, toleo la Firefox linalokubali Windows 7, moja kwa moja.