Kukarabati apatimenti Dar es Salaam: kazi umpe nani

Kwa apatimenti ya vyumba viwili au vitatu, chaguo la kwanza ni kumlipa mbunifu wa ndani achore tu, kisha ujenzi umpe mkandarasi mdogo aliyesajiliwa CRB (bodi ya usajili wa makandarasi), kwa mkataba tofauti. Ukiwa na michoro na BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na vipimo vyake) mkononi, makandarasi watatu watapiga bei ya kitu kilekile. Bila BOQ, mmoja anahesabu skimu (lipu laini ya kumalizia ukuta) mikono miwili, mwenzake mmoja, na yule wa bei rahisi atakuja kudai nyongeza kuta zikiwa zimeshabomolewa.

La pili ni kampuni inayobuni na kujenga yenyewe. Inamfaa aliye Muscat au London, asiyeweza kufika saiti. Shida yake ni bei ya jumla inayoficha vifaa. "Kabati za jikoni" si maelezo. Iandikwe marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18, maana MDF ya kawaida (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ikilowa chini ya sinki huvimba na hairudi, na kwa unyevu wa pwani haichukui muda.

La mwisho ni mafundi wa mmojammoja, vifaa ukinunua mwenyewe. Kwa rangi na dari ya jipsamu, sawa. Bafu usiwape, isipokuwa kama utasimamia kila hatua.

Bafu ndilo linalomtofautisha fundi na fundi. Marumaru na grauti (kijazio cha mianya kati yake) havizuii maji. Kazi hiyo ni ya dawa inayopakwa chini yake. Sakafu kwanza ilazwe ikishuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, ikauke sawasawa. Dawa ipakwe mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ipande ukutani sentimita 30, na sehemu ya kuogea karibu mita 2. Ikipakwa juu ya plasta mbichi hubanduka. Inapovuja sana ni kwenye pembe na kuzunguka mabomba, kwa hiyo hapo kwanza uwekwe utepe wake. Kabla ya marumaru, ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 3, acha saa 24, kisha shuka kwa jirani wa chini ukakague dari yake. Fundi anayekataa jaribio hili usimpe kazi, hata akiwa na picha nzuri kiasi gani.

Marumaru nunua asilimia 10 zaidi, maboksi yote yawe na namba ileile ya toleo, kwani rangi hupishana. Nguzo na mihimili isichimbwe kupitishia waya, na uongozi wa jengo utoe kibali kwa maandishi kabla ya nyundo ya kwanza. Kiyoyozi na hita ya maji, kila kimoja kiwe na waya na breka yake.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 30. Yanayofuata yalipwe kwa hatua iliyokaguliwa. Zuia asilimia 5 hadi 10 kwa miezi sita, na ikiwezekana miezi hiyo ipitiwe na masika, maana fremu za madirisha zinazovuja hujulikana mvua ikipiga kwa upepo.