Seti ya yadi ya vyuma chakavu: fremu nimeikubali, kutu nimeikataa

Nilikaa miaka 11 kwenye kibanda cha mizani cha yadi ya vyuma chakavu. Kazi yangu ilikuwa kupima malori: likiingia limejaa naandika, likitoka tupu naandika, natoa, kinachobaki ndicho chuma. Kwa hiyo nilipoona seti ya treni ndogo yenye sura ya yadi, na juu ya boksi picha ya kreni ya sumaku imening'iniza injini ya gari, sikusita. Niliagiza siku ileile. Jina la mtengenezaji naliacha. Ninachotaka kusema kinahusu kazi yenyewe, na kijana wa kaka yangu, mwenye miaka 14, ndiye shahidi wangu kwa sababu nusu ya seti ameijenga yeye.

Seti ni ya kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na upana kati ya reli na reli ni milimita 16.5. Ndani ya boksi kuna moduli mbili, yaani vipande viwili vya ubao wa kujengea njia ambavyo huunganishwa na kutenganishwa, kila kimoja sentimita 60 kwa 35, za plaiwudi iliyokatwa kwa leza. Ukifungua kifuniko unapokewa na harufu ya mbao iliyoungua, na vidole vinabaki na masizi kutwa nzima. Kuna reli, swichi mbili za kugeuza njia, ofisi ndogo ya kadibodi ngumu, uzio wa mabati, kreni ya plastiki, malundo matatu ya chuma chakavu yaliyomiminwa tayari, na kifuko cha unga mweusi ambacho nitakirudia kwa hasira.

Nianze na fremu, maana hapo nimevua kofia. Nimewahi kujijengea moduli mwenyewe kwa msumeno na imani, na najua uchungu wa mbao mbili ambazo mchana zinakutana vizuri na usiku zimepishana kwa unene wa kucha. Hizi zinaingiana kwa meno yaliyokatwa sawasawa kiasi kwamba niliikusanya fremu ya kwanza nzima bila gundi, nikaibeba huku na huku, haikulegea. Hata hivyo pima pembe kwa pembe kabla ya kutia gundi. Yangu ya pili ilikuwa na tofauti ya milimita 1 kati ya mshazari na mshazari. Nikaibana, nikaiacha ikauke usiku kucha, ikanyooka.

Mahali moduli zinapokutana pamewekwa pini mbili za shaba ya njano upande mmoja na matundu yake upande wa pili, kisha boliti mbili zenye nati za mabawa, zile unazokaza kwa vidole. Pini ndizo zinazolenga, boliti kazi yake ni kubana tu. Wengi huacha boliti zifanye kazi zote mbili, na tundu likishatanuka kidogo ndiyo mwisho wa reli kukutana. Maelekezo yanasema ulaze reli nzima ivuke mpaka wa moduli, uilehemu kwenye skrubu za shaba zilizo pande zote mbili za mpaka, ndipo ukate katikati kwa msumeno mwembamba. Kijana aliona ni ukatili.

"Shangazi, sasa tunaikata reli mpya?"

Tuliikata. Nikafungua moduli, nikaziunga tena, mara kumi kwa kuhesabu, na kila mara nilipitisha ukucha juu ya kiungo. Mara ya kumi ukucha haukushika kitu, sawa na mara ya kwanza. Seti nzima ingekuwa na adabu ya kile kiungo, ningemaliza maelezo yangu hapa.

Waya nazo ni nzuri, sina mengi. Zimekuja na soketi ambayo haikubali kuingia kichwa chini, kwa hiyo huwezi kuunganisha chanya na hasi kimakosa hata ukifanya kazi gizani. Lawama yangu ni kwenye swichi. Ule moyo wake, pale reli mbili zinapokatana, ni wa plastiki, haupitishi umeme. Kichwa kirefu cha treni kinapita bila kujua. Kichwa kifupi cha ekseli mbili, na ndicho kinachofaa yadi ndogo, kinafika pale kinasimama kama punda aliyekumbuka jambo. Unakisukuma kwa kidole. Nimebadilisha swichi zote mbili kwa zenye moyo wa chuma, tatizo likaisha.

Reli yenyewe ni ya kimo cha milimita 2.5. Zidisha mara 87 uone: sentimita 22 karibu kabisa, wakati reli nzito za kawaida za kweli hazifiki 20. Na yadi ya vyuma chakavu ndiyo mahali pa mwisho pa kukuta reli nono kiasi hicho. Njia zetu zilikuwa zimezama kwenye matope na mafuta, vichwa tu ndivyo vilionekana. Niliizamisha hii pia, nikajaza udongo uliochekechwa hadi karibu na kichwa cha reli, ukubwa wake ukafichika. Ukifanya hivyo acha nafasi upande wa ndani, ambako ukingo wa gurudumu unapita, la sivyo treni itapanda juu ya udongo.

Sasa picha ya boksi. Inaonyesha mabehewa marefu ya wazi, yale ya futi 52 na nusu yanayobeba chuma chakavu huko Marekani, matatu kwa mpigo. Behewa la namna hiyo lina mita 16. Likipunguzwa mara 87 ni sentimita 18 na ushei, na ukiongeza viungio ni 19. Mpangilio wa njia waliouchagua ni ule mchezo mashuhuri wa Mwingereza Alan Wright unaoitwa Inglenook: njia tatu za maegesho, moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu, na mbele pawe na nafasi ya kichwa pamoja na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu, kisha unayapanga kwa utaratibu uliotoka. Namna za kuyapanga ni 6,720, usidhani utachoka wiki hii.

Lakini jumlisha. Moduli mbili ni sentimita 120. Mabehewa matano marefu peke yake yanakula 95, na bado hujaweka swichi wala nafasi ya kichwa. Haiwezekani. Mpango unatosha kwa mabehewa mafupi ya ekseli mbili, ya sentimita 11 hivi, na hapo unatosha kwa kubanana. Kuweka kwenye picha mabehewa yasiyoingia kwenye boksi ni sawa na muuza suruali kukuonyesha mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa nayo marefu manne tayari, nimeyarudisha kabatini.

Na kama una ndoto ya kuunganisha moduli hizi na za wenzako, jua kwamba hazikuja na miguu wala hazifuati kanuni ya chama chochote. Wale wa Free-mo, kundi la Marekani la kuunganisha moduli, wanataka reli iwe inchi 50 kutoka sakafuni, yaani milimita 1,270. FREMO ya Ulaya inataka 1,300. Majina nusura yafanane, watu wanapenda kitu kilekile, na sentimita tatu zinatosha kuwanyima kusalimiana. Ukitaka kujiunga na kundi lolote itabidi utengeneze ubao wa mwisho na miguu yako.

Tuje kwenye malundo. Hapa ndipo nilipokaa chini nikaguna.

Yote matatu ni rangi moja, machungwa yaleyale kutoka chini hadi juu, kama yamechovywa kwenye ndoo moja. Na yote yana umbo moja la kichuguu. Aliyeyatengeneza ameona yadi akiwa ndani ya basi, kwa dirisha. Yadi si jalala. Yadi ni mahali pa kutenganisha, na bei yote imo kwenye kutenganisha. Mihimili, reli za zamani na sahani nene zina lundo lao, kwa sababu ni chuma kizito. Mabati na maganda ya friji yana lundo lake jepesi, kubwa kwa macho na dogo kwenye mizani. Bloku za injini zinakaa peke yake. Aluminiamu inakaa mbali. Shaba nyekundu haikai nje kabisa: iko kwenye kontena lenye kufuli, hatua chache kutoka ofisini, na ufunguo uko kiunoni mwa mtu anayejulikana. Kreni ya sumaku hainyanyui shaba wala aluminiamu, kwa hiyo kuiweka juu ya lundo la mchanganyiko, kama maelekezo yanavyotaka, ni kumwajiri kipofu achague vitambaa.

Na kutu haina rangi moja. Chuma kilichokatwa asubuhi kinang'aa. Kikilala nje kwenye unyevu siku chache kinakuwa machungwa makali. Kikikaa miaka kinatulia, kinakuwa kahawia ya giza iliyokaribia nyeusi, na ukikigusa kinaacha unga. Bati lenye zinki linabaki kijivu muda mrefu, kutu inaanzia kwenye tundu la msumari na kwenye kingo zilizokatwa. Mlango wa gari unabaki na rangi yake, nyekundu au buluu, na kutu inaingia pale ulipokwaruzwa.

Basi tuliyavunja malundo mawili kwa nyundo. La tatu tulilipaka upya kwa kahawia nzito ya akriliki, tukalichapa juu kwa kipande cha sponji chenye machungwa kidogo sana, halafu tukapuliza unga wa chaki uliosagwa. Yale mengine tuliyajenga kwa vitu vya nyumbani: foili iliyokunjwakunjwa, nyaya zilizomenywa, matumbo ya saa iliyokufa, vipande vya kadi nyembamba vilivyopinda kama mabati. Gundi nyeupe ya mbao, nusu maji, na tone la sabuni ya vyombo ili inywewe badala ya kusimama juu kama umande. Kijana alitumia jioni nzima kutengeneza mlango mmoja wa gari wenye dirisha lililovunjika, ukubwa wake kama kucha ya kidole gumba. Nikamwambia autie juu ya lundo. Akautia katikati, nusu umefunikwa. Nikaona mtoto ana jicho kuliko waliotengeneza boksi.

Tahadhari ya foili: inapitisha umeme. Kipande kilidondoka kwenye swichi, kikagusa reli zote mbili, kidhibiti kikajizima, na tukatafuta kosa kwenye waya kwa saa nzima huku mkosaji akimetameta mbele yetu. Siku hizi kila kitu cha foili kinapata vanishi isiyong'aa kabla hakijakaribia njia.

Kile kifuko cheusi sasa. Maelekezo yanasema ni unga wa chuma halisi, "unyunyize kando ya njia upate sura ya kweli". Niliunyunyiza. Uliota kutu vizuri baada ya kulowa gundi, sikatai. Siku ya tatu kichwa cha treni kikaanza kuguna, kikapunguza mwendo, kikasimama, na safari hii kidole hakikusaidia. Nilipofungua skrubu za chini nikakuta mota imeota ndevu. Ndevu kabisa, nyeusi, zimesimama wima kuzunguka sumaku. Mota ya treni ina sumaku ndani, na kila kinapopita juu ya unga uliolegea kinaunyonya kama fagio. Nilizitoa kwa selotepu, kipande kwa kipande, kwa kibano na kioo cha kukuzia, na bado hadi leo kichwa kile kina kikohozi. Kuuza unga wa chuma ndani ya seti ya treni za umeme ni jambo ambalo mtu mmoja tu mle kiwandani angelizuia, kama angewahi kuendesha treni hata moja. Kifuko kikifika kwako kitupe bila kukifungua. Udongo uliopakwa rangi unatosha.

Kreni ni nzuri, mkono unazunguka, sumaku yake ni kisahani cha plastiki. Nimeibandikia sumaku ndogo ya kweli chini, inanyanyua msumari mmoja wa kiatu. Uzio ni wa kawaida. Ofisi ina madirisha yanayofunguka na haina choo. Tuendelee.

Kilichonikera hadi mwisho ni kwamba hawakuweka mizani. Geti lipo, ofisi ipo, lori la plastiki lipo, na lori linaingia moja kwa moja hadi kwenye lundo kama mgeni anayepitiliza hadi jikoni. Yadi inayonunua chuma bila kukipima itafilisika kabla ya mchana. Nikaijenga mwenyewe. Mizani ya lori ya mita 18 ikipunguzwa mara 87 ni sentimita 20 na ushei, kwa hiyo nilikata kadi nene, nikaichora mistari ya mabati ya kukanyagia, nikaipaka kijivu chenye njia mbili za matairi zilizochakaa zaidi, na kando yake kibanda cha upana wa sentimita 3 chenye dirisha moja la kusukuma. Ilibidi ofisi isogee na kipande cha uzio kikatwe.

Kijana alilipandisha lori kwenye mizani, akachungulia dirishani pa kibanda.

"Shangazi, hamna mtu humu."

Nimeagiza kijisanamu cha mwanamke aliyeketi. Bado hakijafika.