Edea Overture: Buti Linalobana Panapostahili

Kabla ya kununua mabuti haya ya Overture, ya chapa ya Edea ya Italia, niliteleza kwenye barafu kwa karibu mwaka mzima nikiwa nimevaa mabuti yaliyonizidi kwa namba moja na nusu, kwa sababu muuzaji aliniuliza tu namba ya viatu ninavyovaa kila siku, akashusha boksi lenye namba hiyohiyo, wala hakuugusa mguu wangu. Kisigino kilikuwa kikipanda na kushuka ndani ya buti, nami nikawa nakaza kamba hadi vidole vinakufa ganzi, na bado kila nilipojaribu kusimama kwenye makali ya nje ya wembe, yaani chuma cha chini ya buti kinachoteleza, kifundo kilikubali kuanguka ndani.

Safari hii fundi alianza na karatasi. Alinisimamisha kwa uzito wangu wote, akauchora kila wayo penseli ikiwa wima, kisha akapima urefu na upana; mguu wa kulia ulikutwa umeuzidi wa kushoto kwa milimita 4. Namba za Edea hufuata milimita, hivyo mwenye wayo wa milimita 245 huanza kwa kujaribu 245, akiwa amevaa soksi nyembamba. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kitulie kabisa hata ukijaribu kukinyanyua.

Nakiri kwamba nilikwenda nikitamani Chorus, buti jingine la Edea, ambalo katika kipimo cha ugumu cha Edea lina 70, ilhali Overture lina 48. Fundi hakubishana nami; alinifunga Chorus na kuniomba nikunje goti. Muundi wangu haukusogea hata kidogo. Kwa mtu anayeruka miruko ya mzunguko mmoja na ndiyo kwanza anaihangaikia Axel, mruko wa mzunguko mmoja na nusu, buti asiloweza kulikunja humnyima ule mkunjo wa goti anaouhitaji ili aruke na kutua.

Mfupa wa kifundo cha kulia ulikuwa ukisuguliwa. Fundi aliupaka nukta ya rangi ya mdomo, nikavaa buti na kulivua, na alama ikabaki ndani mahali hasa palipohitaji kupanuliwa. Akapasha moto sehemu hiyo peke yake na kuisukuma nje kwa chombo chake. Kamba nazo alizifunga kwa ngazi: zimelegea vidoleni, zimekazwa sana pale mguu unapopinda, kisha zikalegezwa kiasi kwenye kulabu za juu ili goti lipate nafasi.

Wembe niliochagua ni Coronation Ace wa John Wilson, unaotengenezwa Sheffield, Uingereza, ambao mpindo wake wa mbele kwenda nyuma ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 7. Mfereji ulio kati ya makali mawili ulinolewa kwa nusu kipenyo cha inchi 1/2, yaani takriban milimita 13, kipimo kinachowafaa wengi wa kiwango hiki. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba wembe ulishikiliwa kwanza na skrubu chache kwenye matundu marefu, ili uweze kusogezwa. Nilipoteleza kwa mguu mmoja, wembe wa kushoto ulinivuta ndani. Ukasogezwa kwa upana usiozidi milimita 2, ukanyooka, na hapo ndipo skrubu za kudumu zikatiwa.

Kisigino cha Edea kiko juu kuliko cha mabuti mengi, na kwa kuwa nilizoea kuegemea nyuma, siku za mwanzo nilikwaa meno ya mbele ya wembe zaidi ya mara moja. Vilevile mwenye kisigino kipana ajaribu chapa nyingine kabla ya kuamua, kwani kila chapa ina kalibu yake. Kwa mguu wangu, Overture limekaa vizuri, ni jepesi, na nitalibadilisha pale mkunjo wa kifundoni utakapoanza kulala upande.