Uzoefu wangu: kwadi ya mtumba kwa kazi za shamba, Mambrui

Kwadi ninayotumia, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ni Honda Rancher 420, ya gia za mguu, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ilitumika ng'ambo kwenye baridi, ikashushwa Mombasa, nami nikainunua hapa Malindi kwa laki nne na ushei baada ya kuvutana sana na mwenyewe. Kazi yake ni shamba la minazi na miembe huko nyuma ya Mambrui: nazi, madafu, madumu ya maji, makuti, samadi, na kusi inapovuma, kusukuma mchanga unaoziba njia ya kuingilia. Simpakii mtalii wala siendi nayo kuchezea matuta ya mchanga. Anayetafuta kwadi ya kurukaruka, hapa hatapata la maana.

Watu huniuliza kwanza ni ya mwaka gani, halafu imetembea kilomita ngapi. Yote mawili yana maana yake, lakini mimi la kwanza kuuliza ni ilikuwa ikifanya kazi gani. Kwadi mbili za mwaka mmoja, rangi moja, kilomita sawa, zinaweza kutofautiana kabisa: moja ilikuwa ya mkulima aliyezungukia ng'ombe wake polepole, nyingine ilipandwa kila siku na mtu mpya ambaye hajawahi kushika hata pikipiki.

Hapa Malindi kwadi za mtumba hutoka sehemu tatu. Ziko zilizokodishwa kwa wageni wa kuchezea matuta, ambazo huanza kunadiwa msimu ukiisha na mvua za masika zikikaribia. Ziko za wenye nyumba za ufukweni wanaofunga na kurudi kwao, na hizo ukiwahi ni bahati, maana nyingi zimelala gereji. Na ziko zinazoletwa kutoka nchi za theluji. Hizi za mwisho ndizo watu huziogopa bure. Anayeuza huficha kwamba ilisukuma theluji, na anayenunua akigundua hukimbia. Mimi ningechukua ya theluji mara mbili kabla sijaigusa ya matuta.

Wenzetu wa Kanada, Finland au majimbo ya kaskazini ya Marekani hufunga bapa la chuma mbele ya kwadi, upana wa mita moja na robo hivi hadi mita moja na nusu, likashikwa na fremu inayofungwa chini ya tumbo la mashine. Winchi ya mbele, yaani mota inayokunja kamba ya chuma, ndiyo inayoliinua na kulishusha. Asubuhi mtu anatoka, anasukuma theluji ya uani, anarudi nyuma, anainua bapa, anashusha, anasukuma tena. Ni kazi ya polepole lakini ina adabu zake: mzigo wote uko mbele, rivasi inatumika sawa na gia ya kwanza, klachi inasagika, winchi haipumziki hata kidogo. Juu ya hapo barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na hiyo chumvi inakula chuma vilevile inavyokula mabati yetu hapa pwani.

Kwa hiyo ukiambiwa ni ya baridi, unajua pa kutazama. Ingia chini yake. Ukiona sahani ya chuma iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu, au alama za boliti zilizong'olewa, hiyo ilikuwa na bapa. Tazama fremu pale sahani ilipokaa, kama kuna ufa au ulehemu mpya uliopakwa rangi ya haraka. Vuta kamba ya winchi. Bapa huinuliwa kwa kipande kifupi tu cha mwanzo, kwa hiyo kamba ya chuma hunyauka mita ile ya kwanza karibu na ndoano na huko ndani ikabaki mpya kabisa. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nyuzi zimeanza kuchomoza, na ukipitisha kiganja unachomwa. Halafu angalia mpini: kama kuna swichi ya kupasha mikono joto, huna haja ya kuuliza zaidi ilikotoka. Yangu inayo, na bado inafanya kazi. Vijana wa shamba huiwasha wakati wa jua kali ili wamtese mwenzao.

Kubwa kuliko yote ni hesabu ya saa. Honda nyingi za aina hii zenye dashibodi ya kidijitali huonyesha kilomita na pia saa ambazo injini imefanya kazi. Chukua kilomita, gawanya kwa saa. Kuna moja niliyoonyeshwa kabla ya hii, muuzaji anaisifu mpaka anatoa jasho.

"Bwana, kilomita elfu moja mia tisa tu! Hata haijaanza kutembea."

"Na hizi saa mia nne na zaidi, mzee wangu?"

"Hizo achana nazo, zinajihesabu tu."

Kilomita 1,900 kwa saa zaidi ya 400 ni chini ya kilomita tano kwa saa. Mtu anayetembea kwa miguu anakwenda mwendo huo. Injini hiyo ilikuwa ikinguruma papo kwa papo, ama inasukuma, ama imeachwa inawaka wakati mwenyewe anakunywa kahawa. Si dhambi, lakini usilipie kilomita 1,900. Lipia saa 400. Tulipomwambia hivyo akataka kutupunguzia, ila fundi wangu alikuwa ameshatingisha gurudumu la mbele na kusikia linavyogonga, tukaaga.

Sasa hizo za matuta. Fundi wangu wa Maweni ana kipimo chake ambacho hakihitaji chombo chochote. Anafungua kasha la filta ya hewa, anaitoa filta, halafu anaingiza kidole kwenye bomba linaloelekea kwenye injini, upande ule ambao hewa ilipaswa kuwa imeshachujwa. Kidole kikitoka na mafuta safi, sawa. Kikitoka na chengachenga, mchanga umeshaingia kwenye silinda, na ringi na pistoni zimekwanguliwa. Kwenye kwadi moja ya kukodishwa tuliyoikagua kidole kilitoka kama kimechovywa kwenye bajia mbichi. Nje ilikuwa imepakwa rangi mpya, stika mpya, siti mpya. Muuzaji akasema filta itabadilishwa, kana kwamba filta ndiyo shida.

Jambo jingine: fika bila kupiga simu kwamba uko njiani, na kabla ya salamu kuisha weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, imeshawashwa ili isikusumbue mbele yako. Unataka kuiona inavyowaka ikiwa imelala. Moshi wa buluu mwanzoni ni oili inapita. Oili yenyewe itazame kwenye kijiti: ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia, na ufanye vivyo hivyo kwa oili ya difu ya nyuma na ya mbele, maana kwadi iliyozamishwa mtoni huficha maji humo. Karatasi za forodha ziombe mapema na namba ya chasisi uilinganishe na iliyogongwa kwenye fremu, si ile ya kwenye karatasi iliyobandikwa.

Kuhusu aina, nilikuwa nikipima tatu: Rancher, Yamaha Grizzly 700 na Polaris Sportsman 500. Grizzly na Sportsman zina raha. Ni otomatiki, nguvu ni nyingi, zina gia ya chini ya kuvutia mizigo, na mgongo wako utazishukuru kwa sababu magurudumu ya nyuma yanacheza kila moja kivyake. Lakini zote mbili huendeshwa kwa mkanda wa raba ulio ndani ya kasha. Ukivuta mzigo polepole kwenye mchanga laini, na kijana amesahau kuingiza gia ya chini, mkanda unapata joto na kuungua, na mkanda wa mashine hiyo hauupati dukani Malindi. Rancher haina mkanda wala cheni. Ni gia za kawaida tano na rivasi, shafti mpaka nyuma, na klachi inajishika yenyewe bila mkono. Kijana yeyote aliyeendesha bodaboda anaizoea siku hiyo hiyo. Kwa shamba langu hilo ndilo lililoamua.

Ubaya wake upo. Haina ile gia ya chini, kwa hiyo kwenye mzigo mzito gia ya kwanza ndiyo mwisho wa mambo. Eksili ya nyuma ni moja nzima, ukipita kwenye mizizi ya mkorosho unarushwa. Rivasi inachosha: lazima ubane breki ya mkono, ubonyeze kitufe chekundu, halafu ukanyage gia chini, yote kwa pamoja. Mara moja si neno, lakini kusukuma mchanga ni kwenda mbele na kurudi asubuhi nzima. Breki ya nyuma nayo ni ya dramu. Honda wameifunga isiingie maji, lakini raba zikichoka mchanga unaingia na kukaa humo humo ukisaga. Yangu niliinunua ikiwa tayari inalia, nikakata bei kwa sababu hiyo, nikaitengeneza.

Mwongozo wake unaruhusu kuvuta kilo 385 na kubeba kilo 30 mbele na 60 nyuma. Nazi kavu haziheshimu hesabu hizo kama humsimamii anayepakia. Trela ndogo ya magurudumu mawili, iliyochomelewa hapa hapa kwa eksili ya kigari kibovu, ndiyo imefanya mashine hii iwe na faida.

Tairi zinastahili maneno yao peke yake. Honda inataka upepo wa PSI 4.4 hivi (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji). Mtume kijana wa kazi kwa fundi wa pancha bila maelezo, fundi atajaza kama ya tuktuk, na kwadi itarudi inadundadunda na kuzama kwenye mchanga kwa sababu tairi imekuwa ngumu na nyembamba chini. Geji za kwake hazisomi vizuri upepo mdogo namna hiyo. Nunua geji ya upepo mdogo uiweke nyumbani, kisha upime mwenyewe na umwambie fundi aache kujaza ikifika hapo. Tangu tairi zilegezwe, ile sehemu ya mchanga mweupe karibu na bahari ambapo pikipiki husukumwa kwa mikono, Rancher hupita hata bila kuingiza magurudumu manne.

Kila ikigusa ufukwe huoshwa kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, chini kuliko juu, na redieta husafishwa kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya kuoshea yenye kasi hukunja mapezi yake na kusukumia mchanga kwenye beringi. Wakati wa masika ardhi nyekundu ya huko Magarini hushika kwenye redieta na kukauka kama tofali, na feni ikianza kulia muda mrefu ujue ndiyo hiyo.

Spea za kawaida, yaani plagi, filta ya oili, beringi, fundi hupata Mombasa bila shida. Tairi na vipande vya breki huagizwa na kusubiriwa.

Bapa la theluji nilipewa juu ya bei, muuzaji alitaka tu nafasi uani mwake. Lina springi nyuma yake: likigonga jiwe linainama mbele badala ya kukuvunjia fremu, na kwetu huku jiwe la matumbawe halikosekani chini ya mchanga. Ila usidhani utasukuma mchanga kama wao wanavyosukuma theluji. Theluji mpya haifiki hata kilo 100 kwa mita moja ya ujazo. Mchanga mkavu ni karibu 1,600. Kwa hiyo bapa huwekwa mshazari, huinuliwa kidogo, na mchanga huondolewa tabaka kwa tabaka. Ukilikita lote mara moja, klachi itanuka. Kamba ya winchi ya chuma niliikata, nikaweka mkanda mfupi wa nailoni kati ya ndoano na bapa, na hiyo kuinua-kushusha imeacha kunyausha kamba. Ukingo wa chini wa bapa ulikwisha haraka, mchanga wetu unakwangua. Fundi wa kuchomelea amenitengenezea mwingine kwa springi bapa ya lori iliyovunjika, akautoboa matundu pande zote mbili ili ukiisha upande mmoja uugeuze.