Mafunzo ya elimu jumuishi Moshi: siku tatu, asubuhi moja yenye faida

Mwezi uliopita tulihudhuria, sisi walimu wa shule za msingi, mafunzo ya siku tatu ya elimu jumuishi, yaani kuwafundisha watoto wenye ulemavu darasa moja na wenzao, katika ukumbi mmoja hapa Moshi mjini. Siku ya kwanza iliishia kwenye fasili na sheria, ikiwemo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo mwezeshaji aliisoma kwenye kitini kama risala. Hayo tungeyasoma wenyewe nyumbani.

Thamani ya mafunzo ilikuwa asubuhi ya siku ya pili. Kila mmoja aliagizwa kuandika mistari mitano kuhusu mwanafunzi mwenye ulemavu anayemfundisha, kisha apigie mstari kila neno linaloeleza asichoweza mtoto huyo. Karatasi yangu ilijaa mistari. Nilikuwa nimeandika kuhusu mtoto mwenye ualbino na uoni hafifu, ambaye nilimketisha dawati la mbele kando ya dirisha nikaona nimetimiza wajibu, na ambaye, kwa kumhurumia, sikuwa nikimwita kujibu maswali. Mwezeshaji hakunilaumu, aliuliza tu jua huingilia upande gani. Kumbe mwanga ule ulikuwa ukimuumiza macho, na tatizo nililodhani ni la mtoto lilikuwa mahali nilipomweka, na katika mazoea yangu ya kuandika ubaoni kimya bila kusoma kwa sauti ninachokiandika.

Wengi tulikiri pia kwamba tuliwahesabu watoto hawa kuwa wa wenzetu waliosomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu cha Patandi, Tengeru. Mwalimu mwenye dhana hiyo, hata apewe vifaa vyote, hamwandalii somo mtoto ambaye moyoni ameshamkabidhi kwa mwingine.

Kasoro zipo, na moja inauma. Ukumbi ulikuwa ghorofani, hakuna njia ya mteremko wala lifti, hivyo mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa ngazini siku zote tatu ili akajifunze ujumuishi. Vitini vilichapwa kwa herufi ndogo mno. Lugha ya alama ilipewa saa moja, nukta nundu, maandishi ya wasioona, ikatajwa tu.

Mwalimu mkuu anayefikiria kuwapeleka walimu wake namshauri aanze na wa hisabati na Kiswahili, si yule wa elimu maalumu peke yake, na kabla ya kuthibitisha aulize ukumbi uko ghorofa ya ngapi.