Mafuta ya mota ya cherehani ya zamani: ununue yapi?

Tangu baridi ya Juni ianze kuuma hapa Arusha, mafundi wananilalamikia jambo lile lile: asubuhi mota inaunguruma tu, haizunguki mpaka usukume gurudumu kwa mkono. Dada mmoja wa Ngarenaro mwenye cherehani ya zamani, Singer 201, alishaambiwa mota imeungua, atafute nyingine. Haikuungua. Tulipoifungua tulikuta shafti imeshikwa na utando wa kahawia, mgumu kama gundi, hata ukucha hauutoi. Utando huo ulikuwa mafuta aliyouziwa.

Kwa hiyo harufu na ukubwa wa chupa havinihusu. Nauliza swali moja: yanaganda? Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa hushika oksijeni na kukauka, na joto la mota huharakisha kazi hiyo. Mafuta ya madini yaliyosafishwa vizuri hayafanyi hivyo. Dondosha tone kwenye kipande cha kioo, ukiweke juani wiki mbili, kisha pitisha kidole. Kikiteleza, nunua. Kikinata, rudisha.

Namba moja kwangu ni mafuta ya Singer, na sifichi kwamba nayapendelea. Ni mepesi, meupe kama maji, na baridi ya asubuhi hayaijali. Weka tone moja kila palipo na tundu la mafuta kwenye mwili wa cherehani, ufute yanayochuruzika.

Lakini mota ya ndani ya 201, ile isiyo na mkanda, haitaki mafuta kabisa. Ina vijibomba viwili vya grisi, na ndani ya kila kimoja kuna utambi. Mota ikipata joto grisi inalainika, utambi unaifikisha kwenye shafti. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoua mashine: wanajaza grisi ya magari. Hiyo mara nyingi ni grisi ya lithiamu, na haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 180, na mota ya cherehani haifiki huko. Kijibomba kinabaki kimejaa huku shafti ikisaga kavu. Tafuta grisi laini ya mota za cherehani. Ukiikosa, vaselini tupu isiyo na manukato inafaa, maana huyeyuka kwenye nyuzi 40 hadi 60 hivi. Hiyo hiyo paka kidogo kwenye gia.

Namba mbili ni mafuta ya SAE 20 (namba ya uzito wa mafuta, iko kwenye lebo) yasiyo na kemikali za kusafishia, kwa zile mota za kufunga nje zenye tundu la mafuta. Tone moja au mawili kila upande yanatosha. Usichukue oili ya injini. Ile imetengenezwa ibebe uchafu hadi kwenye filta, na cherehani haina filta, kwa hiyo uchafu unabaki humo humo unazunguka.

WD-40, ile dawa ya kopo ya kupulizia, naiweka ya tatu, tena kwa kusafishia tu. Ilibuniwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Italegeza utando kwenye gia za chuma, kisha ufute na upake mafuta ya kweli. Usiipulizie ndani ya mota, itaosha hata mafuta mazuri yaliyokuwemo. Petroli usiisogeze kabisa, cheche za kaboni zinazosugua ndani ya mota ziko pale pale.

Kachupa ka buku kasiko na lebo? Pita.

Kinachoniuma ni wauzaji. Chupa yenye jina zuri inajazwa upya mafuta yasiyojulikana, kifuniko kinabanwa, fundi anauziwa kwa bei ile ile ya halisi. Januari, mafundi wanapokesha na sare za shule, bei inapanda juu ya hapo, na mama mwenye cherehani moja hana pa kukimbilia. Kagua mhuri wa kifuniko kabla hujatoa hela, na umwombe muuzaji adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe mbele yako. Likiacha doa la njano, hayo si ya cherehani. Akikataa kufungua, nenda duka la pili.