Siku tisa za Simba bodingi, na kijana aliyemsaka kupe kwa vidole

Simba wangu ni German Shepherd wa miaka minne. Jumamosi nyingi jua hutukuta tayari tuko juu ya vilima vya Ngong, na katikati ya wiki tunakwenda Karura, yeye akiwa kwenye kamba kama kanuni za msitu zinavyotaka. Mbwa aliyezoea mwendo namna hiyo ukimfungia kibandani kutwa, anajiumiza. Nimeliona kwa macho yangu: mwaka juzi nilimwacha mahali fulani jijini, sitapataja jina, akarudi pua imechubuka kwa kusukuma wavu na viwiko vimechunika kwa kulalia saruji. Nililia garini.

Kwa hiyo Desemba, nilipotakiwa Mombasa kwenye arusi ya binamu yangu, nilizuru bodingi tatu, yaani mahali pa kulaza mbwa mwenyewe akiwa safarini, kabla ya kuamua. Pawili waliniuliza uzito wa mbwa na namna nitakavyolipa, basi. Pa tatu, shamba dogo upande wa Kiserian, mama mwenye nyumba alitaka kadi ya chanjo kwanza. Akasoma tarehe ya kichaa cha mbwa, akasoma ya parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa, kisha akaniuliza, "Na ya kikohozi cha bodingi, dada?" Simba hakuwa nayo. Akakataa kumpokea mpaka achanjwe, tena wiki mbili kabla ya kuingia. Niliudhika siku ile. Leo namshukuru, maana mbwa wakikaa pamoja kikohozi hicho huenea upesi kama mafua ya chekechea.

Alitaka pia kujua nimempa dawa gani ya kupe na lini, wasije wakamwongezea nyingine juu yake. Wengi wetu huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe tukaipima kwa jicho. Ikizidi, mbwa hulegea na kuyumba. Kuulizwa swali hilo kulinitosha kuacha mbwa wangu pale.

Nililipa shilingi 1,800 kwa siku, na 2,500 za kuogeshwa. Walimfungulia uwanjani asubuhi na jioni, na kila usiku nilitumiwa video kwa WhatsApp.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kuogeshwa kwenyewe, ambako nilikushuhudia siku ya kumchukua. Kijana yule hakugusa maji kwanza. Alimpitishia vidole taratibu: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Akapata kupe wanne, akamng'oa kila mmoja kwa kibano, karibu kabisa na ngozi, akivuta moja kwa moja bila kumpinda. Kisha akanionyesha mbegu ya nyasi yenye ncha iliyojichimbia kati ya vidole vya mguu wa mbele. Nilikuwa nimemwona Simba akiulamba mguu huo kabla sijasafiri, nikadhani ni mazoea tu.

Nilimwomba amnyoe awe mfupi, kwa sababu manyoya yanajaa nyumbani. Alikataa kwa heshima. Alisema manyoya ya juu ndiyo yanayomkinga na jua na mvua, na yale laini ya chini humkinga na joto na baridi, na yakinyolewa huenda yasiote tena kama zamani. Badala yake alimchana kwa muda mrefu akiwa mkavu, akamwosha, akamkausha kwa mashine mpaka kwenye ngozi, maana unyevu ukibaki chini hapo ndipo vidonda huanzia.

Kasoro zipo. Ukucha mmoja ulikatwa ukazidi, ukatoka damu. Waliniambia wenyewe kabla sijauona. Chakula nilichompelekea kiliisha siku ya saba, wakambadilishia ghafla bila kunipigia simu, akaharisha. Wangepiga tu, ningemtuma mtu na mfuko mwingine. Barabara ya kufika pale nayo ikinyesha haipitiki kwa gari dogo, na ukichelewa saa kumi na moja jioni unalipia siku nyingine.

Homa ya kupe huweza kuchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo nyumbani kila asubuhi nilimfunua midomo nikaangalia kama fizi zimepauka, nikamwangalia na hamu ya kula. Wiki tatu zilipita, fizi zikiwa na rangi yake ya waridi. Jumamosi iliyofuata tulirudi Ngong, na nilipofika tena garini nilimpekua vidole vya miguu mmoja mmoja, kama yule kijana alivyofanya.